Ng'ombe Waliomlilia Mzee Makokha

Mzee Hamisi alizikwa siku ileile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka, kwa hiyo mimi nilifika Kitale kesho yake, wanaume wakiwa wameshatoka makaburini na wanawake wamekaa kwenye mikeka nyuma ya msikiti, kila mmoja na kikombe cha chai ya rangi. Nilivua viatu, nikatoa pole, nikapewa nafasi kati ya binti wa marehemu na bibi mmoja aliyekuwa anasinzia. Bibi alipozinduka akaniuliza nilimjuaje mzee. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, zamani, kazi ya kupandisha ng'ombe. "Na mbona ukaacha?" Nikasema niliachishwa. Akanipigapiga goti kwa huruma, akarudi kusinzia, na mimi nikabaki na kikombe changu nikifikiria jinsi ambavyo nimekuwa nikitoa jibu hilohilo fupi kwa kila anayeuliza. Halina uongo, ila limeacha nje karibu kila kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti ambacho wino wake haujakauka. Chama kimoja cha wafugaji chenye ofisi Bungoma kilinichukua kwa mwaka mmoja wa majaribio, kikaniweka chini ya Mzee Hamisi, aliyekuwa akipandisha ng'ombe wa Endebess, Kitale na Tongaren tangu mimi sijazaliwa. Mwanamke hawakuwahi kumwajiri kwa kazi ile. Meneja, Bwana Wafula, alinitazama mkono kabla ya kunitazama uso. "Mimi sina maneno mingi, madam," akasema. "Hiyo mkono naona ni fupi. Lakini nionyeshe mimba, nikupatie barua." Barua aliyoisema ni ya kazi ya kudumu, na tangu siku ile sikuota kitu kingine. Nilipanga chumba kwa Mzee Hamisi mwenyewe, chumba cha uani kilichopakana na sebule yao, ukuta wa mbao uliozibwa kwa magazeti. Mkewe, Bi Mwanaisha, alipika mahamri na mbaazi Jumapili, pilau Ijumaa, na siku nyingine tulikula ugali na sukuma kama wengine wote wa mji ule. Kupitia ukuta ule nilisikia mengi ambayo hayakuwa yangu kusikia. Usiku wa kwanza nilimsikia Bi Mwanaisha akiuliza, "Ataweza kweli, kitoto kile?" na mzee akamjibu, "Mkono mfupi si kitu. Mtu akiwa na haraka ndiye hafai." Nilijiona nimesifiwa, nikalala usingizi mzuri sana.

Mtihani wangu ulikuwa kikundi cha Tongaren: wafugaji waliokubali kuleta ng'ombe kumi na wanane ili wote wapandishwe siku moja. Kwa kawaida ng'ombe huingia joto kila mmoja kwa wakati wake, huyu leo, yule baada ya wiki mbili, na mpandishaji hukimbizana nao kwa pikipiki mwaka mzima, mara nyingi akifika joto limeshapita. Sindano ilikuwa ya kumaliza mbio hizo. Unamchoma ng'ombe mara ya kwanza, unahesabu siku kumi na moja, unamchoma tena, na siku ya tatu wote wanaingia joto pamoja. Kabla ya hapo ni lazima uingize mkono na kumpapasa kila mmoja, kuhakikisha hana mimba, kwa sababu sindano ile huiporomosha. Siku ya kupandisha unakuja na mtungi wa baridi wenye mirija ya mbegu za madume ya maziwa, unayeyusha mrija mmoja mmoja katika maji ya vuguvugu, na unafanya kazi hadi mkono ufe ganzi. Wafula alisema nusu ya kikundi wakishika mimba, nina barua. Zaidi ya nusu, nina barua na pikipiki.

Kikundi kile kilikuwa kazi ya mtu mmoja. Mzee Makokha alikuwa Mkabras kutoka upande wa Malava, mmoja wa waliopewa mashamba Tongaren ilipogawanywa, na aliwajua majirani zake wote na ng'ombe wao kwa majina. Watu waliogopa sindano. Walisema itawafanya ng'ombe tasa, au ndama watazaliwa bila macho. Mzee Makokha alituita nyumbani kwake, akawaita na wao, na mkewe Mama Anjelina akapika ugali wa wimbi, kuku na kunde kwa watu wote wale kwenye chumba kilichokuwa na kalenda sita ukutani, zote za miaka iliyopita. Tulipomaliza kunawa, mzee alisimama. "Mimi ndio nimewaita," alisema. "Hii ndama ikikuja mbaya, msitukane huyu msichana. Kujeni hapa kwangu, mnitukane mimi." Watu wakacheka, na Jumamosi iliyofuata wakaleta ng'ombe. Nimekutana na viongozi wengi tangu wakati ule, wengine wenye magari na walinzi, na sijamwona mwingine aliyeweka jina lake rehani kwa urahisi namna ile.

Jumamosi hiyo tulichoma sindano ya kwanza, Mzee Hamisi akinitazama tu, mikono nyuma. Ng'ombe wa Makokha, mwekundu mwenye doa jeupe begani, alikuwa wa kwanza kuingia kwenye kibano, ule uchochoro wa mbao wa kumshikilia ng'ombe. Jumatatu Mzee Makokha akafa. Alikuwa anapalilia mahindi, akakaa chini kando ya mtaro kupumzika, na hapo ndipo walipomkuta. Maziko yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katikati ya hayo Mzee Hamisi naye akaitwa Mumias kwa ugonjwa wa dada yake, akaniachia mtungi, pikipiki na maneno mawili: "Tumia akili." Nikatumia akili. Nilihesabu siku zangu kumi na moja, zikaangukia Jumatano, na siku ya tatu ikaangukia Jumamosi ya maziko. Ningeweza kuisogeza sindano ya pili mbele siku tatu nne bila madhara yoyote, kitabu kinaruhusu. Lakini nilikaa kwenye kitanda changu na kalamu, nikaona kwamba mambo yamejipanga vizuri sana. Huko kwetu, siku ya maziko watu hukaa chini ya hema na ng'ombe hubaki zizini. Wenye ng'ombe wote watakuwa mahali pamoja. Nitaanza asubuhi na mapema, nimalize kabla ya ibada, ninawe, nibadilishe nguo nikazike. Nilijipongeza kabisa. Jumatano nikachoma sindano ya pili, nikawakumbusha wote wawaweke ng'ombe mbali na mafahali hadi nitakapokuja, nao wakaitikia, "Sawa, Daktari."

Hakuna aliyenificha neno. Ni vile tu hakuna aliyewaza kwamba yuko mtu mzima duniani asiyejua shilembe. Kwa Wakabras, mzee wa hadhi akifa, ng'ombe wa majirani wote hukusanywa, mafahali wakiwa mbele, wakavikwa majani kwenye pembe na shingoni, wakaswagwa kwa nyimbo na tarumbeta za pembe hadi nyumbani kwa marehemu, wakaukanyage udongo wa kaburi lake. Tongaren ilikuwa na watu wa kila upande, lakini kwa Makokha wote waliswaga. Nao walikuwa wamenielewa vizuri niliposema wasichanganye ng'ombe na mafahali. Kwao kuchanganya ni kule malishoni. Kumsindikiza mtu lilikuwa jambo lingine.

Nilifika kwenye kibano saa mbili asubuhi. Hapakuwa na mtu wala ng'ombe. Nikapanga vitu vyangu juu ya gunia, chupa ya maji moto, glavu ndefu, kitabu cha kadi, nikangoja. Kitu nilichokigundua kwanza ni sauti. Kila upande, karibu na mbali, ng'ombe walikuwa wanalia, ule mlio mrefu wa ng'ombe anayetafuta dume, na nilifurahi, kwa sababu ulimaanisha sindano yangu imefanya kazi. Saa tatu akapita Barasa, jirani wa marehemu, amejifunga matawi kichwani, anaswaga fahali wake mweusi pamoja na ng'ombe wake wawili wa kikundi. Nikamwita. Akanishangaa. "Daktari, rero hakuna sindano bana, leo hakuna. Rero ni shilembe." Nikamuuliza ng'ombe wote wanakwenda wapi. "Kwa mzee. Wote. Si hata wewe unakuja?" Akaendelea na safari yake, na wale ng'ombe wawili tayari walikuwa wanapandana njiani.

Nilifunga mtungi nikaenda. Nilichokiona kwa Makokha nimekisimulia mara nyingi kwenye meza za watu, na kila mara huwa kinachekesha, nami huwaacha wacheke. Vumbi lilijaa boma zima, ng'ombe mia na zaidi wenye majani, wanaume wakiimba na kuruka na fimbo, na katikati yao ng'ombe wangu kumi na wanane, wote wana joto kwa saa ileile, wanalia, wanapandana, wanapandwa. Mafahali walipigana juu ya kaburi lenyewe. Nguzo moja ya hema iling'oka na wazee wa kanisa wakahamisha viti. Mimi nilisimama kando ya jiko la matanga na sare yangu ya kazi, nikahesabu kwa macho. Nilipofika kumi na wanne nikaacha, kwa sababu barua yangu ilikuwa imeshakwisha kazi.

Lakini watu wale hawakuwa wanaona nilichokuwa ninaona. Kinamama waliokuwa wanamenya ndizi walikuwa wamejishika mashavu. "Tangu alfajiri," mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "hata ile yangu haijakula nyasi. Inalia tu." "Wanajua ni nani ameenda," mwenzake akajibu. Mhubiri aliposhika kipaza sauti aliacha mahubiri yake pembeni. Akasema amezika watu wengi, na hajaona ng'ombe wa kijiji kizima wakimlilia mtu namna hii. Akasema mwenye haki huhurumia uhai wa mnyama wake, na leo wanyama wanalipa huruma hiyo. Watu wakasema amina. Namkumbuka Mama Anjelina wakati huo, amekaa kwenye kiti cha mbele, kanga juu ya kichwa. Tangu mzee afe hakuwa amelia, walisema, na waliogopa. Pale akalia. Najua kwamba walikuwepo wanaume kadhaa wenye akili zao, wamefuga maisha yote, waliosikia maelezo yangu kuhusu siku ya tatu, nao walinitupia jicho kisha wakatazama mbali. Nani angesimama matangani aseme?

Ningeweza kuwapandisha ng'ombe jioni ile. Ningekuwa natia mbegu juu ya mbegu, na hakuna ambaye angejua ni ipi imeshika. Nilikuwa natafakari jambo hilo karibu na pikipiki wakati Mama Anjelina aliponijia, peke yake, na sahani ya wali na nyama iliyofunikwa. "Kula, mwanangu, hujaonja kitu," akasema. Nikapokea, nikamwambia pole. Alisimama akinitazama nikila. "Mimi nimefuga ng'ombe tangu niwe msichana," akasema baadaye kwa sauti ya chini. "Najua ng'ombe akilia yeye anataka nini. Lakini wewe umesikia vile pasta amesema." Nikasema nimesikia. "Basi iache hivyo. Usinipelekee mzee wangu kwa makaratasi ya Bungoma wakamcheke." Akasubiri nimalize, akachukua sahani yake, akarudi ndani.

Mzee Hamisi alirudi Jumapili usiku. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akawa mtu wa kazi. "Jaza kadi," akasema. "Mimba ni mimba. Miezi mitatu, Wafula atatuma mtu kupapasa, atawakuta wote wamejaa. Unapata barua yako. Mirija imwage chooni." Nikamwambia ndama wakizaliwa na nundu za mafahali wa kienyeji je? "Miezi tisa hiyo, binti. Wakati huo wewe ni mwajiriwa." Nilienda chumbani na kadi kumi na nane, na ukuta ukaendelea na mazungumzo. Bi Mwanaisha alikuwa anasema, "Unamfundisha mtoto uongo." Naye mzee akajibu, amechoka sasa, bila ubishi: "Namfundisha kubaki. Wakimtoa huyu, hawatachukua mwanamke mwingine miaka kumi."

Sikulala vizuri. Nataka kuwa mkweli kuhusu usiku ule, kwa sababu watu wakifika umri wangu hupenda kujipamba: nilitaka kujaza kadi. Nilijaza tatu. Kilichonizuia si dini wala malezi. Ni hesabu tu. Nikiandika kwamba nimepandisha, miezi tisa baadaye kila nyumba ya kikundi itapata ndama wenye nundu, na watu watakumbuka nani aliwaambia waje kumtukana yeye. Watakwenda kumtukana, na yeye hayupo, na mlangoni atasimama mkewe. Nikiandika ukweli wote, kwamba ng'ombe walikuwa na joto shilembeni, Wafula atausoma mbele ya kikundi, maana ndivyo alivyofanya na kila ripoti, na mambo ambayo watu wazima walikubali kuyaacha yapite yatakuwa kicheko cha soko, kutoka Tongaren hadi Sirisia. Ilibaki njia moja ambayo hailali juu ya Makokha. Nikachana zile kadi tatu, nikaandika mistari miwili kwenye karatasi safi. Ng'ombe wa kikundi hawakupandishwa. Mpandishaji alikosea siku na kuchelewa.

Asubuhi nilimwonyesha Mzee Hamisi. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. "Umejichimbia mwenyewe," akasema, akawasha pikipiki yake, akaniacha niende Bungoma peke yangu. Hatukugombana. Lakini Ijumaa ile pilau ililetwa chumbani kwangu kwenye sahani iliyofunikwa, sikuitwa mezani, na nikaelewa. Alikuwa amenisimamia mbele ya watu ambao hakupenda kuwaomba. Miaka yote baadaye tulisalimiana kwa simu Idi na Krismasi, akaniuliza habari za watoto wangu, na kamwe hakuitaja Tongaren. Nilidhani siku moja tutakaa tuizungumze. Sasa haitazungumzwa, na inaniuma kuliko nilivyotegemea.

Wafula hakupaza sauti. Alikuwa anakula muwa, maganda yake yamewekwa vizuri kwenye gazeti. "Ulichelewa," akasema. Nikasema ndiyo. "Ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa matangani. Alinitazama kitambo, yeye mwenyewe mtu wa Bungoma, aliyezika wazee wake, na nadhani alikuwa na swali lingine. Akamenya kipande kingine cha muwa. Akasema nitamaliza miezi yangu iliyobaki Kitale nikiosha vifaa, na kwamba ni lazima aende Tongaren na mimi, akieleze kikundi mwenyewe, ili wasipoteze imani na sindano. Kuhusu hilo alikuwa sahihi. Kikundi kile kipo mpaka leo. Baada ya ng'ombe kuzaa wale ndama wa nundu, ambao hakuna aliyemlaumu mtu kwa ajili yao, walipelekewa kijana kutoka Webuye, akawapandisha wote siku moja, na mitamba wa maziwa wakajaa Tongaren. Nimeyaona magari yao ya maziwa yakipita. Huwa nayatazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kupanga.

Mkutano ulifanyika kwa Makokha, kwenye chumba kilekile cha kalenda. Watu walikuwa wengi kuliko viti, wengine madirishani. Wafula akasimama na karatasi yangu, akaisoma, mistari yote miwili, kisha akaikunja. "Sindano haina makosa," akasema. "Ng'ombe haina makosa. Daktari ndio alichelewa. Ameandika yeye mwenyewe." Pakawa kimya. Barasa, aliyenikuta pale kibanoni saa tatu asubuhi nimepanga vifaa vyangu juu ya gunia, alikuwa anachunguza kofia yake. Wale wanaume wengine nao wakatafuta vitu vya kutazama. Nilijua hawatasema, na sikutaka waseme. Nilichotaka ni kidogo tu, kwamba pawe kimya vile, kisha twende nyumbani.

Mama Anjelina akasimama. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa, na alionekana mrefu zaidi. "Daktari," akasema, na sauti ikafika hadi dirishani, "sisi tulikungoja. Tulitoa ng'ombe asubuhi, na matanga iko, tukasema acha tungoje daktari. Jua likawa kali. Wewe ukalala huko Kitale." Alinitazama machoni alipokuwa anasema, bila kupepesa, kila neno mahali pake. "Mzee alikuletea watu. Hata kama amekufa, ungemheshimu, ukakuja mapema." Minong'ono ikaanza, watu wakitikisa vichwa, mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Ati kulala!"  Nilikuwa nimempa kimya na yeye akachukua zaidi ya kile nilichompa, mbele ya watu wote, na bado nilijua kwamba nikifungua mdomo kujitetea, kwa sentensi moja tu, nitamzika mumewe mara ya pili.

Nikasimama. Nikasema, "Ni kweli, mama. Nililala. Naomba mnisamehe."

Aliniacha nimesimama kidogo. "Basi, tumekusamehe," akasema, na watu wa Tongaren wakapiga makofi.